KUINUKA NA KUANGUKA KWA UKOO WA HORTENSIUS KATIKA ROMA YA KALE: JINA, MALI NA MADARAKA, 287 KK – 16 BK

1.0 Utangulizi

Mwaka 16 BK seneti ya Roma ilikutana katika kilima cha Palatium, mahali yalipokuwa makao ya kaisari. Badala ya kutoa maoni yake juu ya ajenda ya siku hiyo, seneta kijana aliyeitwa Marcus Hortalus alisimama na kuomba fedha. Wanawe wanne alikuwa amewasimamisha mlangoni mwa ukumbi. Alipokuwa akisema, alielekeza macho yake mara kwenye sanamu ya babu yake, Quintus Hortensius, iliyowekwa miongoni mwa sanamu za wasemaji mashuhuri, mara kwenye sanamu ya Augustus. Kaisari Tiberius alimkatalia mbele ya wote. Tukio hili limehifadhiwa na Tacitus katika kitabu cha pili cha Annales, naye anahitimisha kwa kusema kwamba nyumba ya Hortensius ilitumbukia katika umaskini wa aibu.

Babu huyo alikuwa amefariki mwaka 50 KK. Katika kipindi cha takribani miaka 65, ukoo uliokuwa na mmoja wa mawakili waliolipuka kwa sifa na utajiri mjini Roma ulifikia hatua ya kuomba msaada hadharani. Insha hii inauliza ni nini kilichosababisha mabadiliko hayo ya haraka.

Waandishi wa kale walikuwa na jibu lao. Valerius Maximus, aliyeandika wakati wa utawala wa Tiberius, alieleza kuanguka kwa koo za aina hii kwa kutazama tabia za warithi: wazazi walikuwa na vipaji, watoto wakawa wavivu na wafujaji. Ni fikra isiyo ngeni kwa msomaji wa Kiswahili, kwa maana inakaribiana na msemo kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Insha hii inadai kwamba maelezo hayo hayatoshi. Hoja yake kuu ni kwamba hadhi ya ukoo wa daraja la pili mjini Roma haikuwa urithi kamili, bali ilihitaji kufanywa upya katika kila kizazi kwa mali na kwa ridhaa ya watu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliiondoa mali; utawala wa makaisari ukaihamisha ridhaa kutoka kwa umma hadi kwa mtu mmoja. Ili kulithibitisha dai hili, insha inalinganisha maombi mawili yaliyotolewa na watu wa ukoo huo: la Hortensia mwaka 42 KK na la Hortalus mwaka 16 BK.

2.0 Ukoo Mdogo Wenye Jina Kubwa

Ukoo wa Hortensius ulikuwa wa tabaka la plebe, yaani raia wasiotokana na koo za kale za wapatrisi. Mtu wake wa kwanza mwenye umuhimu katika historia ni Quintus Hortensius aliyeteuliwa kuwa dikteta takribani mwaka 287 KK. Wakati huo raia wa tabaka la plebe, walioelemewa na madeni, walikuwa wameuhama mji na kupiga kambi katika kilima cha Janiculum. Hortensius aliwarudisha kwa kupitisha sheria iliyobeba jina lake, ambayo ilifanya maamuzi ya baraza la plebe yawabane raia wote, wapatrisi pamoja nao. Sheria hiyo huhesabiwa na wanahistoria wengi kuwa hatua ya mwisho katika mapambano marefu ya matabaka hayo mawili.

Hata hivyo, jina hilo halikuzaa mfululizo wa viongozi. Kwa zaidi ya karne moja baada ya dikteta huyo, vyanzo vinautaja ukoo huu kwa nadra. Mwaka 170 KK Lucius Hortensius, aliyekuwa preta na kamanda wa meli katika vita dhidi ya mfalme Perseus wa Macedonia, aliudai mji wa Abdera fedha na ngano. Wakazi walipoomba muda wa kupeleka wajumbe Roma, aliuvamia mji, akawakata vichwa viongozi wake na kuwauza wengine utumwani. Livy anaeleza kwamba seneti ililaani kitendo hicho na kuamuru waliouzwa warudishiwe uhuru wao. Mwaka 108 KK mtu mwingine wa ukoo huo alichaguliwa kuwa konsuli, lakini alitiwa hatiani na mahakama, na nafasi yake ikachukuliwa na Marcus Aurelius Scaurus.

Kwa hiyo, hadi kufikia mwanzo wa karne ya kwanza KK, ukoo huu ulikuwa na dikteta mmoja wa zamani, kamanda aliyekemewa na seneti, na konsuli mteule aliyehukumiwa. Ukilinganishwa na koo kama za Cornelius, Fabius au Claudius, zilizotoa makonsuli karibu katika kila kizazi, huu ulikuwa ukoo mdogo. Jambo hili lina uzito katika uchambuzi unaofuata, kwa sababu mwaka 16 BK Hortalus aliwataja wanawe kuwa wazao wa makonsuli wengi na madikteta wengi. Kumbukumbu za makonsuli hazimuungi mkono. Jina lilikuwa limekua kuliko historia iliyolibeba, na aliyelikuza alikuwa mtu mmoja.

3.0 Quintus Hortensius Msemaji na Utajiri Wake (114–50 KK)

Mtu huyo ni Quintus Hortensius Hortalus, aliyezaliwa mwaka 114 KK. Cicero, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka minane, anaeleza katika kitabu chake Brutus kwamba Hortensius alisimama barazani kwa mara ya kwanza mwaka 95 KK akiwa na umri wa miaka 19. Anamsifu kwa kumbukumbu isiyo ya kawaida, kwa mpangilio wa hoja zake, na kwa bidii iliyomfanya asiache siku ipite bila kusema barazani au kufanya mazoezi. Alimwoa Lutatia, binti wa Quintus Lutatius Catulus, konsuli wa mwaka 102 KK, na kwa ndoa hiyo akajiunga na mtandao wa koo zilizotawala seneti baada ya Sulla.

Katika mfumo wa Kirumi, ufasaha wa mahakamani ulikuwa njia ya kupandia madarakani. Sheria ilimkataza wakili kupokea malipo au zawadi, lakini haikuzuia wasia na mikopo kutoka kwa waliotetewa, wala haikuzuia shukrani ya mteja kugeuka kuwa kura. Hortensius aliipanda ngazi ya vyeo hadi akachaguliwa kuwa konsuli kwa ajili ya mwaka 69 KK. Mwaka uliotangulia, akiwa konsuli mteule, alimtetea Gaius Verres, aliyeshtakiwa kwa kuipora Sicily, na akashindwa na Cicero. Tangu hapo Cicero akashika nafasi ya kwanza miongoni mwa mawakili wa Roma. Hortensius aliendelea kuwa na sauti, akipinga mwaka 67 na 66 KK miswada iliyompa Pompeius mamlaka makubwa ya kijeshi, ingawa miswada yote miwili ilipita.

Kuhusu utajiri wake, waandishi wa kale wametuachia orodha ya anasa. Varro anasema alikuwa wa kwanza kuandaa nyama ya tausi katika karamu, alipoingizwa katika baraza la wabashiri wa dola. Pliny Mzee anataja mchoro wa Waargonauti uliochorwa na Cydias, alioununua kwa sestersi 144,000, na mabwawa yake ya samaki huko Bauli, ambako inasemekana alimlilia mkunga aliyempenda. Anaongeza kwamba alimwachia mrithi wake mitungi ya mvinyo zaidi ya 10,000.

Simulizi hizi zinapaswa kusomwa kwa tahadhari, kwa kuwa ziliandikwa na watu waliotaka kuonya dhidi ya anasa. Suetonius anaeleza kwamba nyumba ya Palatium ambayo Augustus aliishi kwa zaidi ya miaka 40, na ambayo hapo awali ilikuwa ya Hortensius, haikuwa kubwa wala ya kifahari; nguzo zake fupi zilikuwa za mawe ya Alba, na vyumba vyake havikuwa na marumaru. Hatuna budi kutambua pia asili ya mali hiyo. Ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya mtu mmoja, si na mashamba yaliyokusanywa kwa vizazi. Alipofariki, ikaanza kugawanyika. Plutarch anasimulia kwamba Hortensius, katika uzee wake, alimwomba Cato Mdogo amwachie mkewe Marcia ili apate watoto kwake, na Cato akakubali. Hortensius alipokufa alimwachia Marcia urithi mkubwa, naye akarudi kwa Cato akiwa mjane tajiri, jambo ambalo Julius Caesar alilitumia kumshutumu Cato kwa tamaa. Bila kujali nia ya Cato, matokeo kwa ukoo wa Hortensius yalikuwa wazi: sehemu ya mali ilitoka nje ya nyumba kabla vita havijaanza.

4.0 Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na Watoto Wawili wa Msemaji

Hortensius alikufa mwaka mmoja kabla Julius Caesar hajavuka mto Rubicon. Mwanawe, ambaye naye aliitwa Quintus, alikuwa amekosana na baba yake. Valerius Maximus anasema kwamba baba alifikiria kumnyima urithi ili ampe Messalla, mtoto wa dada yake, lakini mwishowe akaheshimu mpangilio wa damu.

Mwaka 49 KK Quintus alichagua upande wa Caesar, na Plutarch anamtaja kuwa aliyetangulizwa kwenda kuuteka mji wa Ariminum. Uchaguzi huo ulimlipa, kwani alifika kuwa gavana wa Macedonia. Baada ya Caesar kuuawa mwaka 44 KK, alilikabidhi jimbo hilo na jeshi lake kwa Brutus. Gaius Antonius, ndugu wa Marcus Antonius, alipokamatwa na baadaye kuuawa, aliyetekeleza agizo la Brutus alikuwa Quintus. Kwa mujibu wa Plutarch, kifo hicho kilikuwa kisasi cha kuuawa kwa Cicero. Hivyo mtoto wa mshindani mkubwa wa Cicero ndiye aliyetumika kulipiza kisasi cha Cicero, na malipo yake yalikuwa maisha yake. Baada ya vita vya Philippi mwaka 42 KK, Antonius alimchinja juu ya kaburi la ndugu yake.

Aliyehesabiwa kuwa adui wa Watawala Watatu, yaani Antonius, Octavianus na Lepidus, hakupoteza uhai pekee, kwa kuwa mali ya waliotiwa katika orodha ya maadui ilitaifishwa na kuuzwa. Nyumba ya Palatium iliishia mikononi mwa Octavianus, ambaye baadaye aliitwa Augustus. Mfereji wa pili wa mali ukawa umekauka.

Mwaka huohuo 42 KK dada yake Quintus aliingia katika historia kwa njia tofauti. Watawala Watatu, wakikosa fedha za vita, waliwaamuru wanawake 1,400 waliokuwa matajiri zaidi watoe tathmini ya mali zao ili watozwe. Appian anaeleza kwamba wanawake hao walikwenda kwanza kwa jamaa za kike za watawala. Dada wa Octavianus na mama wa Antonius waliwapokea, lakini Fulvia, mke wa Antonius, aliwafukuza mlangoni. Ndipo walipokwenda Foro, umati ukawapisha, na Hortensia akasema kwa niaba yao.

Hoja yake, kama Appian anavyoitoa, ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, wanawake hawakuwa na vyeo, amri ya kijeshi wala sauti katika utawala. Kwa nini basi walipie ugomvi wa wanaovigombania vitu hivyo? Pili, vita vikitoka nje hawatakuwa nyuma ya mama zao waliojitolea vito vyao wakati wa hatari ya Carthage, ila kamwe hawatachangia Warumi kuuana. Watawala wakaghadhibika na kuwaamuru wasindikizaji wao wawaondoe wanawake hao. Umati ukapiga kelele, wasindikizaji wakasita, na kesho yake idadi ya wanawake waliotakiwa kulipa ikapunguzwa kutoka 1,400 hadi 400.

Appian aliandika karne mbili baadaye kwa Kigiriki, hivyo maneno yenyewe yamepita katika kalamu yake. Lakini kuwapo kwa hotuba hiyo si jambo la kutilia shaka: Quintilian, katika karne ya kwanza BK, anasema kwamba ilikuwa bado ikisomwa, na si kwa heshima ya jinsia ya msemaji tu. Valerius Maximus naye anaona kwamba katika binti huyo baba alifufuka, na anasikitika kwamba wazao wa kiume hawakuufuata mfano wake.

5.0 Ombi la Hortalus, 16 BK

Augustus alipokuwa ameimarisha utawala wake, alihofia kutoweka kwa koo za heshima zilizopukutishwa na vita. Kwa sheria za mwaka 18 KK na 9 BK alihimiza ndoa na uzazi, hasa miongoni mwa watu wa tabaka la juu. Aliweka pia kiwango cha mali kwa maseneta, ambacho Cassius Dio anakitaja kuwa sestersi 1,000,000. Tacitus anasema kwamba Augustus alimpa Hortalus kiasi hichohicho ili aoe, azae, na ukoo usizimike. Hortalus alitii. Alizaa watoto wanne wa kiume.

Hapa ndipo mtego ulipokuwa. Sheria ya Kirumi haikumpendelea mtoto wa kwanza. Urithi uligawanywa kwa watoto wote. Mali iliyotosha seneta mmoja, ikigawanywa kwa wana wanne, inampa kila mmoja sestersi 250,000, kiasi kisichofikia hata 400,000 zilizohitajika kwa daraja la wapanda farasi, lililokuwa chini ya seneti. Sera ya kuwa na watoto wengi na sera ya kiwango cha mali zilivutana, na ukoo usio na akiba ndio uliokatikia katikati.

Hortalus aliyaeleza haya kwa lugha ya uchungu. Alisema kwamba hakuwa amewalea watoto hao kwa matakwa yake mwenyewe, bali kwa ushauri wa Augustus; kwamba nyakati zilizobadilika hazikumwachia fedha, upendeleo wa umma, wala ufasaha uliokuwa urithi wa nyumba yake. Tiberius alijibu kwamba iwapo kila maskini ataleta watoto na kuomba, hakuna atakayeridhika, na hazina ya dola itakwisha. Kwamba Augustus alitoa kwa hiari, bila kuahidi kutoa daima. Na kwamba watu wakitegemea kaisari, bidii itakufa. Waliozoea kumsifu walikubali, lakini wengi walinyamaza au walinong'ona. Tiberius alipoliona hilo, alisema kwamba, ikiwa maseneta wanataka, atampa kila mtoto wa kiume sestersi 200,000. Wengine wakashukuru. Hortalus akanyamaza, ama kwa hofu, ama, kama Tacitus anavyokisia, kwa sababu bado aling'ang'ania heshima ya mababu zake.

Hesabu ya kiasi hicho inasaidia kuelewa ukimya huo. Jumla yake ni sestersi 800,000, pungufu ya kiwango cha seneta mmoja, na fungu la kila mtoto lilikuwa nusu tu ya kiwango cha mpanda farasi. Msaada huo uliwaokoa na njaa, haukuwarudishia hadhi.

6.0 Mjadala: Tabia ya Warithi au Mabadiliko ya Mfumo?

Maombi haya mawili yanafanana katika mambo mengi. Yote yalitolewa na wazao wa msemaji mmoja, mbele ya watawala wasiopenda kuyasikia, na yote yalipokelewa kwanza kwa hasira kisha kwa nafuu ya kiasi. Tofauti yake iko kwa wasikilizaji. Hortensia alisema Foro, mahali pa wazi, na waliomwokoa ni umati. Jina la baba yake lilikuwa na thamani kwa sababu waliomkumbuka akitetea kesi mahali palepale walikuwa bado hai. Hortalus alisema Palatium, kilima kilekile ambako nyumba ya babu yake ilikuwa imegeuka kuwa ya kaisari. Waliomsikitikia walikuwa maseneta, nao waliweza kunong'ona tu. Nguvu ya manong'ono hayo ilitosha kumfanya Tiberius alegeze kamba, haikutosha kumfanya abadili uamuzi.

Inaweza kupingwa kwamba Hortalus alikuwa mfujaji, kwa kuwa sestersi 1,000,000 alizopewa na Augustus zilikuwa zimekwisha. Pingamizi hili lina uzito, na Valerius Maximus anamtaja pia mjukuu mmoja wa msemaji, Hortensius Corbio, kwa maisha ya aibu. Lakini ufujaji peke yake hauelezi kwa nini ukoo mmoja ulianguka na mwingine ukainuka. Mwaka 17 BK Tiberius aliwaondoa katika seneti watu kadhaa kwa sababu ya umaskini uliotokana na ufujaji, akiwamo Quintus Vitellius. Ndugu wa Vitellius huyo, Lucius, alikuwa konsuli mara tatu, miaka ya 34, 43 na 47 BK, na mtoto wa Lucius akawa kaisari mwaka 69 BK. Damu ilikuwa moja na malezi yalikuwa ya nyumba moja. Kilichowatenganisha ndugu hao ni ukaribu na mwenye mamlaka. Ukoo wa Hortensius, uliomuua ndugu wa Antonius na kupigana dhidi ya Octavianus, ulichelewa kuupata ukaribu huo, na ulipoupata haukudumu baada ya kifo cha Augustus mwaka 14 BK.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba Tacitus alikuwa na lengo lake. Alitaka kumwonyesha Tiberius kuwa mtu mkali hata pale aliposema kweli. Hoja ya Tiberius kuhusu hazina ilikuwa na mantiki ya kiutawala, na mwaka uliotangulia alikuwa amempa Propertius Celer sestersi 1,000,000 alipothibitisha kwamba umaskini wake ni wa kurithi. Basi tusilisome tukio hili kama hadithi ya kaisari mbaya na seneta mwema. Linatuonyesha kwamba swali la nani abaki kuwa mtukufu lilikuwa limekuwa swali la kujibiwa na mtu mmoja, kesi kwa kesi.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba ukoo wa Hortensius uliinuka kwa kipawa na kazi ya mtu mmoja katika mfumo ulioruhusu ufasaha kugeuzwa kuwa kura, na kura kuwa hadhi. Ulianguka kwa sababu tatu zilizofuatana: mgawanyiko wa mali baada ya mwaka 50 KK, kuwa upande ulioshindwa mwaka 42 KK, na kuhama kwa chanzo cha hadhi kutoka barazani hadi kasrini. Tabia za warithi zilichangia, lakini hazikuwa kiini.

Kwa mtafiti wa koo za kale, funzo la kimbinu ni kwamba mwandishi wa kale anapotaja uvivu wa mjukuu, inafaa kwanza kuuliza ni njia zipi zilizobaki wazi kwa mjukuu huyo. Hortalus hakuwa na kesi za kumpatia umaarufu, wala uchaguzi huru wa kumpandisha. Alibakiwa na sanamu ya babu yake, na sanamu hiyo ilikuwa ndani ya nyumba ya mtu mwingine.

Jina la Hortensius halikutoweka kabisa. Cicero alikuwa amelitumia kuwa jina la kitabu chake cha kuhimiza falsafa, na karne nne baadaye kijana Mwafrika kutoka Thagaste, Augustine, alikisoma huko Carthage akiwa na umri wa miaka 19, akashuhudia baadaye kwamba kiligeuza mwelekeo wa maisha yake. Kitabu hicho nacho kimepotea, isipokuwa vipande vilivyonukuliwa na wengine.